Mti Usio na Jina Nyuma ya Jiko la Immakulata

Tharsisi alipouliza kwa mara ya tatu ule mti unaitwaje, Immakulata alimjibu kwamba bado haujabatizwa, na kikao kizima kikacheka isipokuwa muulizaji.

Kikao chenyewe kilikaa uwanjani kwa Immakulata, pale Murungu: viti vitatu, benchi la kuazima kanisani, na ndoo iliyopinduliwa ambayo Tharsisi aliikalia kwa heshima zote, utadhani kiti cha diwani.

"Shemeji, sikuja kwa utani," alisema.

"Na mimi sikutanii. Kila asubuhi naupigia hodi, nauuliza hali. Haujanitajia jina hata siku moja. Labda unaogopa wenye ardhi."

Neno hilo la wenye ardhi lilianguka katikati yao kama nyoka aliyedondoka kutoka darini. 

Tharsisi alikuwa kaka mkubwa wa Marselino, na Marselino alikuwa mume wa Immakulata mpaka miaka mitatu iliyopita, homa ilipomchukua kwa siku tatu tu, kama mtu aliyeitwa nje mara moja asirudi. Siku ya kuondoa matanga Tharsisi alisimama mbele ya ukoo akasema, "Mke wa mdogo wetu hafukuzwi. Alime maharage, alime mihogo, avune, ale. Ila mti wa kudumu asipande." Akakaa. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kwa watu wa huku, mwenye maharage ana msimu, mwenye mti ana ardhi. Maharage ukishayang'oa hayana ushahidi. Mti unabaki umesimama, unakutolea ushahidi hata ukiwa umelala.

Immakulata alitii. Kutii hakukumshinda, alikuwa amekulia humo. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi, na baba yake aliishi Tanzania miaka ishirini bila kupanda hata mpapai, kisa kila mwaka alisema mwakani tunarudi. Alizikwa palepale, na mwakani ikaendelea kuja. Yeye Immakulata alipata uraia, cheti kipo ndani ya faili la nailoni, chini ya godoro. Lakini mwili una kumbukumbu zake. Hata vyungu vyake alivipanga karibu na mlango.

Sasa, kutii ni nyumba yenye mlango wa nyuma. Marselino alikuwa mchuuzi wa samaki. Alikuwa akienda bonde la Malagarasi kufuata kambale wa kubanikwa, na safari yake ya mwisho alirudi na homa mwilini na tunda moja mfukoni mwa koti, kubwa mpaka koti limepinda upande. Walilila wote pamoja, yeye, Immakulata na binti yao Niyitegeka, nyuzi zikiwakwama menoni. Yakabaki makokwa. Mawili mbuzi aliyapiga teke yakapotea. La tatu Marselino alilishika, akasema, "Hili lipande. Likiota utashangaa." Immakulata akamuuliza ni la mti gani. Akasema, "Nitakwambia nikiamka." Hakuamka.

Kokwa la marehemu hulitupi. Kulipanda nako umekatazwa. Basi Immakulata alichukua gunia la mbolea, akalijaza udongo na samadi ya mbuzi, akalizika humo, akaliegemeza gunia kwenye ukuta wa nyuma ya jiko, pale maji ya bafuni yanapopita. Tharsisi alipomfokea, alimjibu mbele ya majirani, "Sijapanda, shemeji. Nimeweka. Siku ukinifukuza nabeba gunia langu kichwani naondoka, kama wazazi wangu walivyokuja." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Tharsisi akaondoka na hasira yake bila pa kuitua, maana kweli, kitu kilikuwa kwenye gunia.

Kwa miaka mitatu gunia lilikaa pale. Mwaka wa kwanza halikutoa kitu. Wa pili likatoa jani moja kama upanga wa mtoto. Wa tatu yakafuata mengine, magumu, ya kijani cha kijivu, na sasa hakuna ajuaye ni nini. Jamii ya mchikichi, hilo wote walikubali. Lakini mchikichi gani?

Na sasa Lukmani, mfanyabiashara wa Kibondo mjini, alitaka kujenga mashine ya kusaga kando ya barabara, na Tharsisi alikwisha kumwonyesha mahali: kile kipande cha nyuma ya jiko la Immakulata. Ndiyo maana ya kikao.

"Gunia litoke," alisema Tharsisi. "Na kama huo ni mchikichi, hizi mbegu za kisasa ambazo mkoa mzima umezipania, basi ni mali ya ukoo, uende shambani kwangu. Kama ni ua, aupeleke kanisani. Kama hauna maana, ni kuni."

"Kuni za majani manne," alisema Immakulata, "utachemshia nini, shemeji? Machozi?"

Alitania kwa mdomo tu. Hakuwa mtoto. Alijua mashine ikishasimama nyuma ya jiko, vumbi na kelele zitalihamisha jiko. Na jiko likihama, mwenye jiko atakuwa amebaki anangoja nini?

Aliyemaliza kikao alikuwa mzee Pasikali, baba mdogo wa Tharsisi na wa marehemu, mtu mwembamba mwenye kikohozi ambacho hukitumia kama kengele. Alikohoa. "Mti hauhukumiwi bila jina. Mama Niyitegeka, una wiki moja. Jumamosi uje na jina lake, tuamue pa kuupanda."

Pa kuupanda! Kwa miaka mitatu hakuna aliyelitamka neno hilo juu ya ule mti. Kikao kilipovunjika, Immakulata alikwenda nyuma ya jiko akautazama upya.

*

Jumatatu alikata jani moja, akapiga picha kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaenda Kibondo mjini dukani kwa Isihaka. Isihaka aliuza majembe, mbegu, kamba na maneno, na maneno hayakuwahi kuisha dukani.

"Huu ni mtende," alisema Isihaka baada ya kuitazama picha kidogo. "Alhamdulillahi. Mwezi wa Ramadhani tutakuja kwako."

"Mtende gani, na jani pana namna hii?" alidakia mteja mmoja. "Huo ni mnazi. Nimeishi Tanga."

"Umeishi Tanga jela," alisema Isihaka.

Kijana wa bodaboda aliyekuja kununua tairi akachungulia naye. "Mama, hilo ni pambo la hotelini. Dar yamejaa kibao, wanayapiga picha na maharusi."

Kwa nusu saa ule mti ukapewa majina manne na nchi tatu. Immakulata akarudisha simu mfukoni. "Nimekuja na mti mmoja, mmenipa msitu. Haya, Mungu awalipe."

Isihaka akamshika mkono asitoke. "Ngoja, dada, usiondoke na hasira. Yuko shangazi yangu Kasulu, Bi Kuruthumu. Mtu wa Rufiji. Kasuka mikeka tangu hajaota magego. Hilo jani akilinusa tu, atakutajia na babu yake."

Jumanne asubuhi Immakulata akapanda basi la Kasulu, jani limefungwa kwenye gazeti kama samaki.

Bi Kuruthumu alikuwa amekaa kwenye jamvi uani, ukindu wa rangi tatu umemzunguka, vidole vinakwenda vyenyewe huku macho yako kwa mgeni. Aliuliza habari za safari, za Isihaka, za mvua na za maharage. Hakuna mtu wa pwani anayekwenda moja kwa moja kwenye shida yako. Mwisho akanyoosha mkono. Alilipokea jani, akalikunja, likagoma kukunjika. Akapitisha kidole gumba kwenye kingo za kikonyo, akatabasamu kwa maumivu.

"Meno," alisema. "Limenitafuna. Mwanangu, tunda lake mliliona?"

"Tulilila."

"Kubwa kama kichwa cha mtoto? Rangi ya chungwa lililoiva? Harufu yake inakaa nyumbani siku mbili, na nyuzi zake menoni siku tatu?"

Immakulata akahisi nywele za mikononi zikisimama. Ilikuwa kama Marselino kaingia uani kwa mdomo wa mwanamke asiyemjua. "Bibi, nani kakwambia?"

"Limeniambia jani. Huu ni mvumo, mwanangu. Kwetu imesimama mabondeni kama watu waliokuja kikao. Mchwa wakiugusa wanahama mtaa. Nimeula sana utotoni, tunda lake na chipukizi lake. Tulikuwa tunalifukua chini kwa jembe, tunachemsha." Akaliweka jani chini. "Umeupanda wapi?"

"Sijaupanda. Uko kwenye gunia."

Bi Kuruthumu alicheka. Alicheka mpaka kanga ikamteleza begani. Halafu akaona mgeni hacheki, naye akanyamaza.

"Gunia la nini?"

"La mbolea."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Na gunia limewahi kuhamishwa?"

"Hapana. Liko palepale."

"Ee Mola." Alivua miwani. "Sikiliza. Mvumo hauanzi kama mihindi. Ukilifukia kokwa, mwaka mzima unasema limekufa. Halijafa, linashuka. Linatoa mkia wake linauzamisha chini kwanza, mkono mzima, mikono miwili, ndipo likumbuke kuchungulia juu. Hilo gunia lako lilipitwa zamani. Wewe huna mvumo kwenye gunia, mwanangu. Una gunia kwenye mvumo."

Bi Kuruthumu akavirudisha vidole kwenye ukindu wake.

"Na tukiuhamisha?" aliuliza Immakulata, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

"Mtahamisha majani."

Njia nzima ya kurudi, Immakulata alikaa dirishani bila kuona kitu. Abiria wa pembeni, mama mwenye kuku wawili, alimsemesha mara tatu, akakata tamaa akawasemesha kuku. Miaka mitatu! Miaka mitatu amewachekesha watu kwa lile jibu la gunia, naye ndiye aliyekuwa anachekwa na kokwa. Ukoo ulimkataza mti wa kudumu. Akawapandia wa miaka mia, mbele ya macho yao, kwenye kipande kilekile ambacho Tharsisi amemwahidi mtu, na kila siku ameumwagilia maji ya kuogea. Nani atamwamini kwamba hakujua? Hata yeye angekuwa Tharsisi, asingejiamini.

*

Alifika nyumbani saa tisa mchana. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akalikumbatia gunia, akavuta. Likamtazama tu. Akalisukuma kwa bega. Nailoni iliyooza ikalia, gunia lisitikisike.

Akapiga magoti, akapenyeza mkono chini, kati ya gunia na ardhi. Vidole vyake vikakutana na kitu. Kinene kama kifundo cha mkono wake, kimelowa, baridi, kigumu, kimekwenda chini moja kwa moja bila kusalimia mtu. Aliuchomoa mkono kama aliyeguswa na kiumbe.

"Mana yanje," alisema, akimwita Mungu kwa lugha ya wazazi wake. Akakaa chini palepale kwenye matope ya bafuni.

Alipopata akili, akili ikamletea kisu. Kile cha kumenyea mihogo. Ikamwambia: kata. Pitisha kisu hapo chini, mara mbili tatu, gunia litanyanyuka. Jumamosi watalibeba watalipeleka wanakotaka, majani yatakaa kijani mwezi mmoja, miwili, kisha yatakauka, na watu watasema masikini, udongo haukuupenda. Hakuna atakayejua. Utabaki na maharage yako na amani yako. Ukiacha, Jumamosi utaitwa mwongo na mwizi wa ardhi, na Tharsisi atapata sababu aliyoitafuta miaka mitatu.

Ilikuwa hesabu nzuri. Hakuiona kasoro. Akakitoa kisu jikoni, akakiingiza chini ya gunia, makali yakagusa mzizi, akakaza mkono.

Mkono ukakataa.

Akaujaribu tena. Ukakataa tena. Immakulata alikuwa amezika mume, baba, mama, na mtoto wa kwanza ambaye hata jina hakulipata. Alikuwa amechinja kuku wasio na hesabu. Akashindwa kukata mzizi. Alishangaa mno hata akacheka peke yake, akapiga kisu chini, akaenda kupika.

*

Jumamosi walijaa. Habari za mti wenye kuhukumiwa zilikuwa zimetembea, na Murungu si mahali pa kukosa kesi ya bure. Lukmani mwenyewe alikuja, kofia nyeupe, utepe wa kupimia mkononi.

Mzee Pasikali akakohoa. "Mama Niyitegeka. Jina."

"Mvumo, baba mdogo."

Jina likapita mdomo kwa mdomo. Wachache waliotembea Malagarasi wakaitikia kwa vichwa.

"Unatoa mafuta?" aliuliza Tharsisi.

"Hautoi."

"Unazaa lini?"

"Bibi wa Kasulu kasema ukifanya haraka sana, mimi na wewe tutakuwa hatuna meno. Tena ikiwa ni jike. Ukiwa dume hauzai kabisa, unasimama tu unatazama watu. Kama baadhi yetu."

Wakacheka, na safari hii hata Tharsisi aliachia kidogo, maana moyo wake ulikuwa umetua. Si mchikichi. Hauna thamani. "Basi haina haja ya ugomvi," alisema. "Aupeleke korongoni kule chini, ushike udongo."

"Korongoni mbuzi wataumaliza," alisema mmoja.

"Kanisani."

"Kanisani padri atauliza ulibatizwa na nani."

Ndipo mzee Pasikali akasema, taratibu, akitazama mikono yake, "Marselino ndiye aliyeuleta. Upandwe kaburini kwake. Kule migombani. Hapo hakuna wa kuudai, na yeye atapata kivuli."

 Lilikuwa neno zuri, neno la haki, hata Tharsisi akainamisha kichwa akasema, "Ego, ndiyo. Hapo sawa." Na Immakulata, aliyekuwa amejiandaa kwa matusi, hakuwa amejiandaa kwa wema. Machozi yakamjia bila taarifa. Wamempa Marselino mti wake. Wamempa, na hauwezi kwenda!

"Baba mdogo," alisema, "kuna jambo sijasema."

Lakini Tharsisi alikwisha simama. Kusema haki, alikuwa mtu wa kufanya kazi kwa mikono yake. Tena lilikuwa kaburi la mdogo wake. "Nitaubeba mwenyewe," alisema, akakunja mikono ya shati, akaenda nyuma ya jiko, watu wote nyuma yake.

"Shemeji, ngoja kidogo. Shemeji!"

Hakungoja. Alilikumbatia gunia, akapanga miguu, akavuta. Halikunyanyuka. Watu wakaguna. Aibu ya mwanamume mbele ya watu ni jeki. Akavuta kwa nguvu za ujana wake wote. Nailoni ikapasuka kutoka juu hadi chini kwa sauti ya kitenge kinachochanwa, Tharsisi akaenda kinyumenyume akaketi matopeni, gunia tupu mikononi mwake, na udongo wa miaka mitatu ukamiminika miguuni pa watu.

Mvumo haukuanguka.

Ulisimama. Uchi, bila gunia, bila kuegemea ukuta, juu ya shina jeupe lililozama ardhini, majani yake yakitikisika kidogo kwa ule mshtuko. Lukmani akaushika utepe wake kwa mikono miwili. Mwanamke mmoja akajishika mdomo. Mzee Pasikali akaanza kukohoa, kikohozi cha kweli, si cha kengele.

"Umeupanda," alisema Tharsisi kutoka chini. Hakupaza sauti. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta watu wengine wanakula. "Ulisema umeweka. Miaka mitatu. Umeupanda."

"Umejishusha wenyewe, shemeji. Naapa kwa aliyelala migombani. Nimejua Jumanne hii."

"Leteni jembe!"

Akachimba. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemzuia. Alichimba pembeni ya mzizi mpaka magotini, mzizi ukaenda. Akachimba mpaka mapajani, jasho likimtiririka, mzizi ukaenda. Lukmani, kwa mazoea ya biashara, akateremsha utepe shimoni, akasoma, akasema kwa mshangao kama anayejisemea, "Mita moja na ushee. Na bado."

Tharsisi akaegemea mpini, pumzi zinapigana. Na hapo ndipo lilipomtoka. "Watu wa kuja ndivyo mlivyo. Mnaomba pa kulala, kumbe mnashusha mizizi."

 Baadhi ya waliosimama pale bibi zao walivuka mpaka uleule, wengine waliolewa na waliovuka, na wote walikuwa wamekula chakula kutoka jikoni mwa Immakulata siku ya msiba. Tharsisi alilisikia neno lake baada ya kulitoa. Ilionekana machoni. Lakini neno si kokwa, hulirudishi mfukoni.

"Panga," alisema, taratibu zaidi. "Niukate, yaishe."

"Ngoja," alisema mzee Pasikali. Akamgeukia Immakulata. "Mama Niyitegeka. Ulijua tangu Jumanne. Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kuukata kimyakimya, mbebe gunia, msijue. Nilifika na kisu. Nikashindwa."

"Mtu wa kweli huyu," alinong'ona mmoja, "anajishitaki mwenyewe."

"Sasa nisikilize," alisema mzee. "Ukikatwa leo, utalima maharage yako kama zamani, hakuna atakayekugusa, mimi nitasimamia. Usipokatwa ni ugomvi, na mimi ni mzee, sitakuwepo kuumaliza. Wewe unataka nini?"

Immakulata alifungua mdomo ili atanie. Utani ulikuwa pale, tayari, kama siku zote. Maisha yamempiga kofi hili na lile, na kila mara ndio uliomwinua. Lakini ulipofika kwenye ulimi ukageuka kitu kingine. Miaka ishirini na moja tangu aolewe hapa, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

"Ubaki," alisema.  "Na mimi nibaki. Si kwa kuhurumiwa, baba mdogo. Hapa ni kwangu. Nilizaa hapa, nilizika hapa. Kipande hiki Marselino alinijengea jiko, na mashine haijengwi juu yake. Kama maneno yangu hayatoshi, Jumatatu nitakuwa kwenye baraza la kata na cheti changu cha ndoa."

Hakuna aliyeshtuka kama yeye. Alisimama akisikiliza maneno yake yakienda, kama mtu aliyemtuma mtoto dukani akaona amerudi ni mwanamume mwenye ndevu.

Mzee Pasikali aliinuka. Kisha akatelemka kwa shida ukingoni mwa shimo, akamnyang'anya Tharsisi jembe kama unavyomnyang'anya mtoto kiberiti, akavuta udongo wa kwanza chini kwenye mzizi.

"Baba mdogo!" alisema Tharsisi.

"Toka humo, nisikufukie na wewe. Mzizi ukikaa wazi unakauka." Akavuta wa pili. Kikohozi kikamshika, akampa jembe aliyekuwa karibu. Yule akavuta, akampa mwingine. Wanawake wakaingiza kwa mikono. Tharsisi alipanda juu akakaa kando, akitazama jinsi kazi yake inavyoliwa na watu wengi.

"Kwa ukoo huu," alisema mzee, akihema, "mti wa mpaka babu yenu aliupanda mchana, na kila aliyekuwepo alitia udongo, ili asije mtu kesho akasema sikuona. Huu nao tumeuona. Kitu kilichofukiwa na watu wote hawa hakiulizwi tena kilipandwa na nani. Mwenye la kusema aseme barazani."

Lukmani alikuwa akiviringisha utepe wake. "Mzee Tharsisi," alisema kwa adabu, "mimi na mashine yangu hatutaki mahali penye mashahidi wengi namna hii. Nitatafuta kwingine." Akaaga watu wote, akaenda zake barabarani.

Wengine nao wakaanza kutawanyika, mmoja mmoja, wakigeuka kuutazama ule mti uliobaki kama mgeni aliyevuliwa koti kwa nguvu. Mwisho wakabaki watatu. Mzee Pasikali alikuwa amesinzia kwenye kiti. Tharsisi alikuwa bado amekaa chini, matope hadi kiunoni, mikono imechubuka.

Immakulata akaingia jikoni, akatoka na maji ya kunywa kwenye kata na maji ya kunawa kwenye beseni. Tharsisi akanywa. Akanawa mikono, taratibu, kidole kwa kidole, hakumtazama. Kisha akalimwaga beseni pale alipokaa, na maji yakafuata mteremko mpaka shinani pa mvumo.

"Usidhani nimekubali," alisema.

"Sidhani kitu, shemeji."

"Jumatatu nitakuja huko barazani. Nitasema yangu."

"Njoo. Tena unipitie tuongozane, mimi ile ofisi sijawahi kuingia." Akalichukua beseni lake. "Ila uoge kwanza. Ukifika hivyo watadhani ni mimi niliyekupanda."

Tharsisi alijitazama, akainuka, akajikung'uta matope, akaenda zake.